Bibi Mmoja wa Wanafunzi Thelathini na Wanane

Jumatatu, 6 Machi

Muhula umeanza na mvua imeanza, na vyote viwili vimenikuta sijajiandaa. Mwalimu wa sayansi amekwenda kujifungua. Makamu wa mkuu wa shule ameniita ofisini kwake, akafunga dirisha karatasi zake zisipeperuke, akaniambia insha za tathmini za mwaka wa mwisho nitazisimamia mimi. Mimi, mtunza maabara! Kazi yangu kwa miaka kumi na tisa ni kuosha chupa, kupima dawa na kuwafokea watoto wasinuse wasichokijua. "Hakuna mwingine, mama," akasema. Hiyo ndiyo sifa niliyopewa.

Kisha akanisukumia barua ya baraza la mitihani. Mada ni ile ile ya kila mwaka, Mchango wa Sayansi katika Maisha ya Jamii, na insha inabeba alama thelathini katika mia. Mwaka jana wanafunzi thelathini na wanane wa shule yetu waliandika. Katika insha zote thelathini na nane yumo bibi aliyekuwa haoni, akapasuliwa macho, akaona, "akafurahi sana na kuishukuru sayansi." Mkaguzi ameandika pembeni kwa wino mwekundu: Bibi huyu ana wajukuu wengi mno. Wote walipata sifuri. Mwaka huu atakuja mwenyewe kuwahoji, na bibi akionekana tena darasa zima litapata sifuri. Bila alama hizo thelathini hakuna atakayefaulu sayansi, na asiyefaulu sayansi haendelei na masomo.

Nilirudi maabara. Bibi yule ni bibi yangu. Insha ile niliiandika mimi.

Jumanne, 7 Machi

Niseme yote, maana hapa hakuna wa kunicheka. Miaka kumi na mmoja iliyopita binti wa dada yangu alikuwa akisoma hapa. Alikaa wiki mbili mbele ya karatasi tupu, nikamhurumia, nikamwandikia. Akapata alama za juu. Makamu akaipenda, akaipiga chapa, akaitia kwenye plastiki, akaibandika ukutani hapa hapa maabara: INSHA YA MFANO. Kila siku naipita nikienda kwenye sinki. Miaka iliyopita walikuwa wakiinakili wachache wachache. Mwaka jana darasa liliambiwa lifuate mfano, nalo likaufuata kama lilivyoambiwa.

Nimemwomba Makamu aiondoe. Amesema insha haina kosa, kosa ni la walioinakili. Sikuwa na ubavu wa kumwambia mwandishi ni nani.

Paa linavuja juu ya sinki. Nimeweka ndoo.

Alhamisi, 9 Machi

Kipindi cha kwanza na darasa. Wako thelathini na sita. Nyuma yangu wananiita Mama Mizani, na wanadhani sijui. Nikawaambia waandike ukurasa mmoja, chochote kuhusu sayansi na jamii. Nimesoma zote. Thelathini na nne zinaanza na "Sayansi ina faida nyingi na hasara nyingi." Bibi ametokea mara tisa.

Mmoja, kijana mwenye mdomo ambaye wenzake wanamwita Wakili, amembadilisha bibi akawa babu. Alijiona mjanja sana.

Yuko pia msichana wa dawati la mbele, hati yake nzuri hata unaona haya kuisahihisha. Ameiandika insha ya mfano yote kwa kichwa, bila kukosa nukta. Nikamuuliza, "Wewe una bibi?" Akasema, "Ndiyo, mama." "Aliwahi kupasuliwa macho?" "Ndiyo, mama." "Bibi yako yuko wapi sasa?" Akasema alifariki kabla yeye hajazaliwa. Darasa likaangua kicheko. Jina lake kwao ni Bi Ndiyo.

Ijumaa, 10 Machi

Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

Jumatatu, 13 Machi

Nimepiga moyo konde, nimewaambia. Nilisimama chini ya ile karatasi nikasema, "Hii niliiandika mimi, na ni uongo."

Nikawaeleza yaliyotokea kweli. Bibi alipasuliwa macho yote mawili. Moja likapona, la pili halikupona. Siku alipofunguliwa bandeji tulijipanga mbele yake na nguo zetu nzuri. Akatutazama mmoja mmoja, taratibu, kisha akasema, "Kumbe mmezeeka hivi!" Akaomba kioo. Baada ya kioo hakusema neno siku mbili. Siku ya tatu aliingia jikoni, akaona masizi ukutani, akaanza kusugua, na mama yangu akachukia kwa kuonekana mchafu. Waligombana wiki nzima. Miaka saba ya upofu wake hawakuwahi kugombana, kwa sababu bibi hakuwa akiona cha kugombania.

Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nikawauliza, "Sasa niambieni, sayansi ilifanya nini nyumbani kwetu?" Mikono kumi na minne ikanyanyuka. Nimeihesabu.

Nikatoa amri yangu: kitu kimoja, mtu mmoja, kipimo kimoja. Kila mtu atafute kitu kimoja cha sayansi kilichoingia nyumbani au mtaani kwake, amhoji mtu mmoja aliyebadilishiwa maisha nacho, na apime jambo moja kwa saa, kwa hatua, kwa kilo, kwa chochote. Na kila karatasi, hata ya kumbukumbu, inalala kwenye kabati langu, ufunguo shingoni mwangu. Mtoto akibaki na karatasi, siku ya pili imezaa mapacha. Siwaamini hata kidogo.

Nimemhadithia mume wangu. Akasema, "Ulimtia bibi yako kwenye mtihani bila kumwomba ruhusa." Kisha akaomba chai.

Alhamisi, 16 Machi

Wakili amechagua mashine ya kusaga nafaka. Mwenye mashine ni mjomba wake. Akaniuliza kipimo gani kinafaa, nikamwambia afikiri mwenyewe, akaondoka akinung'unika.

Jumatatu, 20 Machi

Wakili amerudi mbio. Mashine ikiwa imezimwa, alisimama nyuma ya mjomba wake na kumwita jina kwa sauti ya kawaida, akisogea hatua moja moja. Mjomba aligeuka alipofikiwa hatua mbili. Kisha akamfanyia hivyo hivyo shangazi, aliyekuwa amempa mgongo uani na hajawahi kuikaribia mashine. Akageuka kwenye hatua kumi na tisa. "Mama, mashine imemla masikio! Na mwenyewe hajui!" Nikamwambia andika hivyo hivyo, usiongeze chumvi.

Niliwahi kumwona kijana huyu kama kelele tupu.

Ijumaa, 24 Machi

Makamu amekuja kukagua. Alisoma insha ya msichana mmoja kuhusu pampu ya maji. Mama yake alikuwa akitumia saa mbili na dakika kumi kwenda mtoni na kurudi, sasa anatumia dakika sita. Lakini mama huyo amesema tangu pampu ije hajajua jirani yake wa tatu ana watoto wangapi, maana habari zote zilikuwa zinapatikana njiani.

"Hizi ni habari za jikoni, mama," Makamu akasema. "Sayansi iko wapi? Hakuna hata neno moja zito."

Nikamwambia maneno mazito tulikuwa nayo mwaka jana. Akaondoka bila kuaga. Mtu mkavu yule, hana hata tone la huruma.

Jumanne, 28 Machi

Bi Ndiyo hajaandika kitu. "Umepata wa kumhoji?" "Ndiyo, mama." "Nani?" Akaikunja karatasi yake. Nikakaa karibu naye nikiwa nasugua chupa, maana watoto husema zaidi ukiwa huwatazami. Akasema baba yake ni mpiga picha. Alikuwa na studio. Simu zenye kamera zilipoingia, watu wakaacha kuja. Sasa baba anakaa tu nyumbani na makopo yake ya negativu, zile filamu za picha alizopiga, na anayeuliza habari za studio hujibiwa kwa mlango kufungwa.

"Si sayansi hiyo, mama," akasema. "Ni aibu ya nyumbani."

Nikamwambia aibu ya nyumbani ninaijua vizuri, yangu imebandikwa ukutani.

Jumatatu, 3 Aprili

Fundi wa paa amekuja hatimaye. Ameziba tundu la juu ya sinki. Nimeiweka ndoo stoo kwa furaha kubwa.

Alhamisi, 6 Aprili

Bi Ndiyo amemhoji baba yake! Alimwomba amsaidie kuhesabu negativu, basi. Walihesabu pamoja siku mbili. Mwaka mmoja kabla ya simu kuna picha elfu moja mia mbili na kumi na nne. Miaka mitatu baadaye, tisini na moja. Mwaka uliofuata, tisa, na zote tisa ni za familia. Baba alipofika kwenye hizo tisa akaanza kusimulia, na hakunyamaza mpaka chakula kikapoa.

Ameandika kurasa tatu. Nilipozifungia kabatini nilikuwa nataka kuimba. Mzee mimi.

Ijumaa, 14 Aprili

Insha zote thelathini na sita zimekamilika. Tarehe ya kuziwasilisha ni Ijumaa ijayo. Nimezipanga, nimezifunga kwa uzi, nimefunga kabati. Mvua kubwa inakuja, lakini paa letu ni zima.

Jumatatu, 17 Aprili

Nitaandika kama yalivyotokea.

Mvua ilinyesha Jumamosi na Jumapili bila kupumua. Asubuhi nilifungua maabara, sakafu chini ya sinki kavu kabisa. Nikafurahi. Nikaenda kabatini, nikaona mlango umevimba. Nikauvuta kwa nguvu zote ukafunguka, na maji ya buluu kwa wino wa watoto yakanimwagikia miguuni.

Tundu lililozibwa halikuwa limeyamaliza maji. Yaliposhindwa kushuka pale yalitambaa juu ya dari mpaka ukuta wa pili, yakashuka ndani ya kabati langu. Insha zote, kumbukumbu zote, vipimo vyote, vimekuwa uji. Nilijaribu kutenganisha kurasa, zikabaki vidoleni. Kwenye moja nilisoma neno "mjomba" tu. Na ni mimi niliyewakataza wasibaki na hata kipande. Wangekuwa na nakala nyumbani, tungecheka leo. Nilizifungia kwa sababu niliwaona wezi.

Nilikaa chini kwenye maji yale nikalia kwa sauti. Makamu ndiye aliyenikuta. Nilitegemea anifokee. Alikunja suruali, akapiga goti, akaanza kuokota karatasi moja moja kana kwamba zingepona. Baadaye akasema polepole, "Tuna siku nne. Ile ya ukutani ipo. Tuwagawie, kila mmoja abadilishe maneno. Bibi awe shangazi, macho yawe meno." Nikamtazama, nikaona uso wake umesawijika kwa hofu. Nikakumbuka mwaka jana ni yeye aliyekwenda kwa wazazi thelathini na wanane, mlango kwa mlango, kuwaeleza ile sifuri. Hakumtuma mtu.

Tukaingia darasani pamoja. Niliwaeleza yote na kuwaomba radhi. Makamu akaeleza mpango wake. Mvua ilikuwa ikipiga bati. Kisha kwenye dawati la mbele kikasikika kiti kikisukumwa.

Bi Ndiyo alisimama. "Hapana, mwalimu," akamwambia Makamu.

Sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Nadhani hata yeye hakuwahi. Akashika meza kwa mikono miwili. "Mimi yangu naijua. Elfu moja mia mbili na kumi na nne, tisini na moja, tisa. Na baba yupo nyumbani. Nikisahau, nitamuuliza."

Wakili akaruka, "Na mjomba wangu yupo! Hasikii, lakini yupo!" Wakaanza kupiga kelele wote kwa pamoja. Saa mbili na dakika kumi! Sita! Hatua kumi na tisa! Kila mmoja anataja kipimo chake. Nilisimama pale nguo zimelowa buluu, nikajua sina cha kuogopa. Ile ya mwaka jana ingelowa, wangelazimika kwenda ukutani kuinakili upya. Hizi zimelowa na zimo vinywani mwao.

Makamu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema, "Basi nitaleta karatasi."

Jumanne, 18 Aprili

Ameleta karatasi kutoka akiba yake ya ofisini, ile ambayo hata mkuu wa shule hapewi. Amekaa nyuma ya darasa akizipiga mistari kwa rula, moja moja. Wanafunzi wanaandika. Hakuna anayechungulia kwa mwenzake. Anayekwama anakwenda kumuuliza mtu wake na kurudi.

Jumatano, 19 Aprili

Wanaandika.

Mwenye mashine ya kusaga amekuja mwenyewe shuleni, ametapakaa vumbi jeupe mpaka kope. Amesema mpwa wake amemuuliza maswali yale yale mara ya pili, kwa hiyo lazima ni kweli. Ameuliza kama shule inajua pa kupata vizibo vya masikio. Ilibidi nimjibu kwa kupayuka.

Alhamisi, 20 Aprili

Thelathini na tano. Wa mwisho, mvulana aliyeandika kuhusu taa ya jua, amemaliza kengele ya kutokea ikilia. Thelathini na sita. Ni bora kuliko za kwanza, na sisemi hivyo kwa kujifariji. Walipoulizwa mara ya pili, watu waliongeza waliyoyaficha mara ya kwanza. Mama wa pampu amekiri kwamba siku nyingine bado huenda mtoni, na ndoo tupu.

Jioni hii kila mwanafunzi amekwenda nyumbani na nakala yake. Ufunguo nimeutoa shingoni.

Ijumaa, 21 Aprili

Zimewasilishwa. Makamu alizibeba mwenyewe, zimefungwa kwenye mifuko mitatu ya nailoni, moja ndani ya nyingine. Mvua hakuna.

Jumanne, 9 Mei

Mkaguzi amekuja. Ni mama mfupi mwenye mkoba mkubwa, na salamu yake ilikuwa fupi kuliko yeye. Akachagua majina matatu kwa kufumba macho na kuweka kidole kwenye orodha. La tatu likawa la Bi Ndiyo.

Tulikaa pembeni mwa maabara, mimi na Makamu. Mkaguzi akasoma, kisha akauliza, "Umeandika picha elfu moja mia mbili na kumi na nne. Umejuaje?"

"Nilihesabu negativu, mama. Na baba."

"Mbona si elfu moja na mia mbili tu? Ingekuwa rahisi kukumbuka."

"Hizo kumi na nne ni za watu, mama. Mmoja ni bibi harusi."

Mkaguzi akaandika kitu. "Haya. Basi sayansi ilimfaa baba yako au ilimharibia?"

Nilitegemea "ndiyo, mama." Msichana akafikiri. "Kamera ilimpa kazi na simu ikamnyang'anya. Zote mbili ni sayansi. Asubuhi anaisema vibaya simu. Jumapili anaililia, kwa sababu dada yangu yuko mbali na humwona humo tu. Nilimuuliza angeweza kuchagua angechagua ipi. Akasema nimletee simu, leo ni Jumapili."

Mkaguzi alicheka! Alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Baadaye, watoto walipotoka, alifungua rundo lote na kunitazama. "Nimemtafuta bibi kwenye karatasi zote hizi," akasema. "Hayumo. Amekwenda wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Ni bibi yangu. Insha ile niliiandika mimi, kwa mtoto wa dada yangu." Sikuthubutu kumtazama Makamu.

Nikamsikia akisimama. "Na mimi ndiye niliyeibandika," akasema. Akavuka maabara, akaingiza kucha chini ya plastiki, akaibandua kona moja, ya pili, mpaka yote. Akamkabidhi mkaguzi kwa mikono miwili. Nimefanya kazi na mtu huyu miaka kumi na tisa, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemfahamu.

Ijumaa, 26 Mei

Matokeo! Wote wamefaulu insha, wote, hakuna aliyeshuka chini ya kumi na tisa. Wakili ishirini na sita. Bi Ndiyo ishirini na tisa, ya juu kuliko zote. Makamu alisoma orodha mbele ya shule nzima, na sauti ilimkatika kwenye jina la sita, akalazimika kuanza upya. Nimeimba njia nzima nikirudi nyumbani, kwa sauti, na walionishangaa niliwasalimia.

Mume wangu akauliza, "Na bibi?" Nikamwambia amepumzishwa.

Jumatano, 31 Mei

Baba yake Bi Ndiyo amekuja shuleni na kamera. Amevaa koti lililopigwa pasi. Alikuwa amebakiza filamu moja kwenye kopo, anasema hakujua anamwekea nani. Alitupanga mbele ya maabara kwa ukali wa jenerali, Makamu akaambiwa mara tatu ashushe kidevu. "Tulieni. Ni moja tu, hakuna kurudia." Akabonyeza.

Wakili akamkimbilia, "Mzee, tuone!" Baba akageuza kamera kuwaonyesha mgongo wake mtupu. "Mtaona wiki ijayo." Hawajawahi kuingoja picha maishani mwao. Bi Ndiyo alisimama kando ya baba yake, akicheka peke yake.

Jumatano, 7 Juni

Picha imefika, nimeibandika mwenyewe. Pale ilipokaa insha ya mfano kwa miaka kumi na mmoja palibaki alama nyeupe ukutani, na picha imeifunika karibu yote. Nimehesabu, maana ndiyo tabia yangu: wanafunzi thelathini na sita, Makamu, na mimi. Thelathini na wanane. Nimekwenda sura kwa sura, na hakuna mbili zinazofanana. Mimi tu ndiye niliyefumba macho.